Chumvi Haiombwi kwa Kinyanja

Kiingereza changu nilifundishwa na wadogo zangu, mmoja baada ya mwingine, na ada yao ilikuwa ugali.

Wazazi wetu walifariki wakifuatana, nikiwa kidato cha pili. Mimi ndiye mkubwa, nyuma yangu wako watatu. Baba mdogo alikuja kutoka kijiji cha Ruanda akatukalisha uani, akasema, "Wanangu, mmoja lazima abaki na shamba." Alisema "mmoja" lakini macho yalikuwa kwangu tu. Nikakubali. Kahawa ilikuwa imeiva na imeanza kudondoka, na ngolo, yale mashimo tunayolimia mlimani, yalikuwa yanangoja maharage. Sare yangu ya shule nilimpunguzia mdogo wangu wa kike.

Kwetu Mkumbi, zamani za babu, kulikuwa na sengu. Wanaume wa ukoo walikusanyika kula pamoja, sahani zikitoka nyumba zote, na hapo ndipo mambo yaliposemwa: nani kagombana na nani, nani aoe, shamba gani lilimwe kwanza. Mtoto alijifunza dunia huku akimega tonge. Baada ya msiba sisi hatukuwa na wanaume wa kukaa sengu, tulikuwa na watoto na sinia moja. Basi sengu yetu niliikalia mimi, msichana, na wazee waliopita walitikisa vichwa, wakacheka, wakaendelea na njia.

Sheria niliyotunga ilikuwa moja. Aliyetoka shule hagusi chakula mpaka atufundishe alichosoma siku ile. Wadogo zangu walipofika sekondari, nikaongeza nyingine: kilicho kwenye sinia kinaombwa kwa Kiingereza. Chumvi, mboga, maji, hata nafasi ya kukaa. Anayefuata baada yangu alikuwa mvivu wa vitabu lakini mlafi sana, na naamini ulafi ndio uliomfikisha kidato cha nne. "Dada, hii siyo shule, ni mateso," alikuwa akisema. "Liseme hilo kwa Kiingereza," nilikuwa nikimjibu, "nikuongezee mchuzi." Alilisema. Mpaka leo analisema vizuri.

Kwa njia hiyo nilisoma kidato cha tatu mara tatu na cha nne mara tatu, bila kuvaa sare wala kufanya mtihani. Kitabu walichomaliza wao nilikianza mimi. Walipokua wakatawanyika. Mlafi anaendesha lori, binti kaolewa Litumbandyosi, na kitinda mimba ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye cheti chake kwenye fremu. Mimi nikashuka ziwani, Mbamba Bay, kuuza maharage ya kwetu milimani. Kinyasa, lugha ya watu wa ziwa, nilikipata sokoni, kwa sababu muuzaji asiyejua lugha ya mnunuzi anarudi na gunia lake.

Siku moja walikuja wazungu wawili wenye mabegi mgongoni, wakitaka kujua samaki gani wana miiba michache. Nikawaeleza habari za mbasa, jinsi ya kumkaanga na jinsi ya kumla, tukacheka. Pembeni yangu alikuwa mteja wangu mmoja wa ng'ambo ya mpaka, mama wa makamo kutoka Msumbiji ambaye alikuja kwa boti kuchukua maharage. Alingoja wazungu waondoke, akanishika mkono kama mtu aliyeokota kitu.

"Wewe ndiye tunayekutafuta."

"Nimefanya nini, mama?"

Akanieleza. Ufukweni kwao kuna kambi ya watalii. Yeye na wenzake ndio wanaopeleka huko mboga, mayai na samaki, lakini wenye kambi wanasema Kiingereza, na akina mama wanajua Kinyanja na Kireno kidogo. Kila neno linapita kwa kijana mmoja mkalimani. "Sisi tunasema maneno mengi, yeye anasema mawili. Wazungu wanasema mengi, yeye anatuletea moja. Yanayobaki katikati anayafanya nini?"

"Mama, mimi si mwalimu. Sina cheti. Hata kidato cha nne sikufika."

"Hicho cheti kinaliwa?" akauliza. "Njoo, utalala kwangu."

Nilikwenda. Nilijiambia naenda kwa msimu mmoja. Boti liliambaa ukingo wa ziwa kuelekea kusini, tukagonga mihuri mpakani, na nilipoteremka upande wa pili nikakuta watu wanasema lugha ninayoielewa, kwa kuwa Kinyanja na Kinyasa ni watoto wa mama mmoja. Kilichokuwa kigeni ni mkate wa asubuhi, laini na mrefu, na jinsi watu walivyosalimiana huku wanapiga makofi polepole.

Mwanzoni nilijaribu kuwa mwalimu kama walimu. Nilipata kipande cha ubao, nikaandika, wanawake kumi na kitu wakaimba nyuma yangu kama kwaya. Waliimba vizuri mno. Kesho yake hakuna aliyekumbuka kitu, ila wimbo. Baada ya majuma mawili ya namna hiyo, nikiwa nimekaa jikoni kwa mama mwenyeji wangu, nikaona hao wanawake kila mchana wanakusanyika pale kula pamoja baada ya kuanika usipa, dagaa wa ziwani. Nikauacha ubao ukutani. Nikawaambia sheria ya kwetu.

"Yaani nisiposema, sili?" akauliza mmoja wao, dada mwembamba muuza mandazi ambaye ulimi wake ulijulikana mpaka bandarini.

"Utakula, ila bila chumvi."

"Mwalimu, wewe una roho mbaya," akasema, kisha akafunga macho, akakusanya maneno yake, akaiomba chumvi kwa Kiingereza. Wenzake wakamkatalia. Wakamwambia, nao kwa Kiingereza chao cha siku hiyo, kwamba haombi kwa adabu. Akarudia. Wakamkatalia tena, kwa raha zao tu. Kabla ya ugali kwisha alikuwa ameshamtukana kila mtu pale kwa lugha ambayo asubuhi hakuwa nayo.

Tangu hapo tukaenda. Walijifunza kwa pilipili, kwa kisu, kwa kushindana nani alimkaanga samaki mpaka akawa mkaa. Kambini walianza kujibu wenyewe. Yule mkalimani akabaki amesimama na mikono mifukoni.

Sijui kama ni yeye aliyekwenda kusema, na sikuuliza. Lakini habari ilimfikia mkuu wa eneo, ambaye kule wanamwita shefe. Aliniita ofisini. Alikuwa mtu mpole, shati limenyooshwa, na alinisalimia kwa Kiingereza safi. Alisoma Malawi, akaniambia, wakati familia yake ilipokuwa ukimbizini.

"Nasikia tuna mwalimu mgeni. Umesomea wapi?"

"Nyumbani, mheshimiwa."

"Chuo gani?"

"Hakuna chuo. Niliacha shule kidato cha pili. Wazazi walifariki, nikabaki na wadogo."

Aliweka kalamu chini. "Unajua mwalimu bila cheti hapa ni shida kwangu mimi, siyo kwako tu. Wakubwa wakiuliza, nitawaonyesha nini?"

"Waonyeshe wanafunzi."

Alinitazama kidogo. "Haya. Alhamisi walete darasani, shuleni. Nitakuja mwenyewe. Wakisema Kiingereza, tutaona. Wasiposema, boti la Jumamosi linakuhusu."

Nilimpigia simu kitinda mimba. Alicheka kwanza, kisha akashusha sauti. "Dada, nikutumie picha ya cheti changu? Jina la ukoo ni moja."

"Na ndevu zako nitazitoa wapi?"

"Nilikuwa natania."

"Najua," nikasema, ingawa nadhani kama ningekubali angetuma. Nililala na mawazo, si ya boti. Niliwaza wale wanawake. Msimu wa watalii ulikuwa unaanza, na kama ningeondoka wakati ule, kila neno lao lingerudi kupita mdomo wa mtu mwingine.

Alhamisi niliwapanga kwenye madawati, mistari minne, kanga zimefuliwa. Mbele niliweka kiti chenye mto kwa ajili ya shefe. Nilifurahia kazi yangu. Ilionekana kama shule kabisa.

Shefe alipoingia, wanafunzi wangu wote waliteremka kwenye madawati kama maji. Wakakaa chini sakafuni, miguu imekunjwa upande, macho chini, wakapiga makofi polepole ya heshima. Kisha kimya. Ndivyo walivyolelewa. Mkubwa akiwa amekaa mbele yako kwenye kiti, wewe husemi naye, unangoja, na ukisema unasema kwa sauti ndogo kupitia kwa aliyekuzidi umri. Mimi nilikuwa nimetengeneza baraza la mkubwa, halafu nikategemea kelele za jikoni.

Shefe akauliza kwa Kiingereza, "Habari zenu?"

Kimya. Mama mwenyeji wangu alisema kitu kwa sauti ambayo hata sakafu haikuisikia.

"Jina lako nani?" akamuuliza muuza mandazi.

Muuza mandazi, ambaye siku mbili kabla alikuwa amemwambia mpishi wa kambi kwamba hajui tofauti ya yai na jiwe, aliinamisha kichwa na kuchora sakafuni kwa kidole.

Niliuliza maswali mimi. Waliogopa kunijibu mbele yake. Shefe hakuwa na furaha ya kushinda. Alionekana kama mtu anayesikitika kwa niaba yangu. Akasimama, akasema kwa Kinyanja, "Basi, mama zangu. Asanteni."

Hapo mama mwenyeji akainua kichwa. Hakuzungumzia Kiingereza hata kidogo. Alisema tu kwamba jua limefika utosini, chakula kiko tayari kwake, na haijawahi kutokea shefe akapita uwanjani kwake akaondoka na njaa. Ule ufukwe mzima hakuna anayeweza kukataa maneno hayo. Tukatoka.

Kwa mama, shefe alitengewa kiti na meza ndogo peke yake, chini ya paa la makuti. Sisi tukakaa mkekani, karibu na jiko, sinia katikati. Mimi sikuwa na hamu. Nilikuwa nafungasha mizigo kichwani. Muuza mandazi ndiye aliyempelekea shefe ugali na mbasa wa kuchoma, akapiga goti, akamnawisha mikono, akarudi kukaa.

Shefe akaonja. Akageuka kidogo, akasema kwa Kinyanja, kama mtu yeyote anayekula, "Nipeni chumvi."

Na muuza mandazi, mdomo umejaa, bila kuinua macho kutoka kwenye sinia, akajibu kwa Kiingereza, kwa sauti ile ile ya kila siku:

"Hapa chumvi haiombwi kwa Kinyanja."

Tonge langu lilisimama njiani. Mwenyewe alipotambua amemjibu nani, alijifunika uso kwa kanga. Mama mwenyeji akasema jina la Mungu. Kuku tu ndio walioendelea na shughuli zao.

Shefe alimwangalia, kisha, kwa Kiingereza, akasema, "Nipe chumvi."

Kutoka ndani ya kanga ikatoka sauti ndogo: "Bado hujaomba kwa adabu."

Mtu mmoja akashindwa kujizuia, akacheka. Shefe naye akacheka, mpaka akaweka mkono kifuani. Akaomba upya, kwa adabu zote, kama alivyofundishwa Malawi utotoni. "Sasa nimeomba," akasema. "Mnaninyima kwa nini?"

"Kwa sababu una samaki mkubwa kuliko sisi wote!" akamjibu mama mwenyeji, kwa Kiingereza, mama yule yule ambaye darasani sauti yake haikufika sakafuni.

Baada ya hapo sikuweza kuwazuia hata kama ningetaka. Walimuuliza ana watoto wangapi, kwa nini barabara ya kambini ina mashimo, kwa nini mke wake hanunui mandazi. Alijibu lililojibika. Mahali fulani katikati ya habari za barabara alisogeza kiti pembeni, akaja kukaa ukingoni mwa mkeka, sahani mkononi. Wakubwa kule hawafanyi hivyo, na wanawake walisogea kumpa nafasi bila kuacha kubishana naye.

Alipokwisha kunawa aliniita kando.

"Darasa la shule siwezi kukupa," akasema. "Darasa linataka karatasi, na karatasi huna. Mbao zangu usiziguse tena."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Lakini kwenye sheria zote nilizosoma, sijaona inayomkataza mgeni kula na wenyeji wake. Nitaandika kwamba uko hapa kwa rafiki yako. Muhuri wako wa ukaaji ukikaribia kwisha, uje mapema ofisini, usije siku ya mwisho."

Jumamosi boti liliondoka na magunia ya usipa. Mimi nilikuwa ukweni kwa muuza mandazi, tunabishana juu ya bei ya nyanya kwa lugha ambayo mkwe wake aliiita kelele za bata.

Juma lililofuata mke wa shefe alikuja mkekani na bakuli lake. Alikuwa mwepesi kushika, kuliko wote. Haukupita mwezi shefe akanisimamisha njiani, karibu na kanisa, uso umekunjamana.

"Mwalimu, jana nimekula mboga chapwa."

"Pole, mheshimiwa. Chumvi imepanda bei?"

"Chumvi ipo. Nilichoka, nikaiomba kwa Kireno." Akashusha pumzi. "Nimeambiwa Kireno niende nacho ofisini."