Mti wa Ata Akolong Kando ya Mto

Nyanya yangu Akolong sisi tunamwita Ata. Anakaa mtaa wa Kiwanjani, lakini mbuzi wake wanakula huko mtoni, chini ya mgunga alioachiwa na mama mkwe wake. Kwetu Waturkana mti wa mtoni una wenyewe. Kivuli ni cha kila mtu. Ila ukitaka kukata tawi, ama kuangusha matunda, ama kufanya lolote pale, unamwomba mwenyewe kwanza. Hakuna seng'enge wala cheti. Watu wanajua tu.

Basi pikapu ilipoanza kumwaga takataka za hoteli fulani chini ya mti huo, Ata hakugombana. Alimpelekea dereva, Mawira, kikombe cha chai na kipande cha tumbaku. Kwake, ukipokea tumbaku ya mwenye mti umekubali mti ni wake, na kilichobaki ni wewe kuomba. Akaketi akingoja aombwe.

Mawira akanywa chai. "Asante shosho, Mungu akubariki!" Akamwaga takataka, akaenda. Kesho yake akarudi na mzigo mkubwa zaidi. Alidhani amekaribishwa.

Halafu mbuzi mweusi, yule wa maziwa, akafa. Jirani yetu Ekuam alipompasua alitoa karatasi za nailoni zimejisokota kama kamba. Ata hakulia. Alimpangusa yule mbuzi mdomo kwa kitambaa chake, polepole, kama mtoto aliyemaliza uji. Waliobaki akawafungia zizini, wakawa wanalia njaa.

Ekuam alitaka kwenda kumpiga Mawira. Ata akamkataza, akabeba ngozi ya mbuzi mpaka kwa Kanana, mama anayesaidia watu na mambo ya sheria kanisani kwetu.

"Mama, hiyo ngozi weka tu chini," Kanana akasema. "Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Hata kama hakuna aliyeumia bado, unaweza kushtaki."

"Na kama ardhi si yangu?"

"Hata kama si yako."

Ata akashangaa. "Sasa jambo kama hili mpaka liandikwe? Si kila mtu analijua?"

"Zamani ukilalamika msitu unakatwa, ama mto unachafuliwa, unaulizwa: shamba ni lako? Wewe umeumia wapi? Unarudi nyumbani na machozi yako. Ndiyo watu wakataka iandikwe juu kabisa, mahali mkubwa akiamka vibaya hawezi kuifuta. Si sisi tu. Nchi nyingi zimefika hapo baada ya kuumia."

"Kumbe nchi nayo inahitaji mama mkwe ambaye neno lake halifutwi," Ata akasema. Kanana akacheka mpaka akavua miwani.

Kanana alimpigia mwenye hoteli simu, akamsomea Katiba. Asubuhi Mawira akaja na pikapu tupu, macho chini.

"Shosho, si ungeniambia?"

"Nilikuambia. Nilikupa tumbaku."

"Mimi hata sivuti! Nilimpa mjomba."

"Basi mjomba wako ana adabu kukushinda."

Mawira akacheka kidogo, akaanza kuokota. Alipakia mpaka jua likageuka, Ata akimfuata na fimbo. "Pale. Umeacha moja." Alipomaliza, Ata alipiga magoti chini ya mgunga, akapitisha kiganja juu ya mchanga, upande huu na ule, akifukua vipande vidogo ambavyo macho yake hayavioni tena.

Kisha akanigeukia. "Wafungulie mbuzi."