Shahidi Niliyemtoa Kaburini

Nitakayokueleza yalinipata mimi mwenyewe, alasiri, nikiwa sijanywa kitu wala sina homa. Ukitaka kuamini, amini. Ukikataa sitabishana nawe, maana nimechoka, na waliokuwepo siku ile bado wako hai kijijini Suji, waulize.

Mimi nilikuwa mnunuzi wa tangawizi. Ghala langu lilikuwa Same mjini, si mbali na barabara kuu. Kwa miaka thelathini nilifanya kazi na Eliamini, mtu wa Suji, rafiki yangu tangu shule. Yeye alikuwa mlimani, anapita shamba kwa shamba, anakagua tangawizi na kuikusanya. Mimi nilikuwa chini, natafuta wateja. Wakulima hawakuniamini mimi. Walimwamini yeye, na mimi nikala kwa jina lake.

Sasa sikia kosa langu la kwanza. Mwaka mmoja nilibaki na tangawizi ya zamani ghalani, imeanza kuoza. Nikaichanganya chini ya magunia ya wakulima. Mteja akafungua, akakataa mzigo wote. Wakulima waliponiuliza, nilisema, "Muulizeni Eliamini, yeye ndiye mkaguzi." Eliamini alikuwa amesimama pale pale. Alinitazama, akanyamaza.

Kwetu Upareni pembe ikipulizwa, watu wanatoka na majembe kwenda msaragambo, kazi ya pamoja. Wanazibua ndiva, lile bwawa la kukinga maji ya mlimani, halafu kila aliyechimba anapewa zamu yake ya maji. Baada ya tangawizi ile, Eliamini hakuitwa tena. Alifika na jembe lake mara mbili, wakamwambia arudi nyumbani. Wewe unajua maana ya kufukuzwa msaragambo? Ni kuzikwa ukiwa unapumua. Shamba lake likakauka, mwaka wa tatu akafariki kwa kikohozi. Nilikwenda kumzika, nikatupa udongo kaburini kama wengine, matanga yalipoanuliwa nikarudi Same na karatasi ya ratiba ya mazishi mfukoni, yenye picha yake.

Biashara ikadorora. Mama Zuhura, mwenye duka la steshenari jirani yangu, akaniambia, "Mzee, wateja siku hizi wako mtandaoni. Utasubiri hapo mlangoni mpaka uote uyoga." Akanifungulia ukurasa wa biashara, kisha akaniingiza kwenye mtandao ule wa wenye kazi na taaluma zao, ambapo watu wanajuana kwa kazi kabla ya kujuana kwa sura. Nakiri ulinisaidia. Nilipiga picha tangawizi mpya, nikaandika maelezo vizuri, nikajibu kila aliyeuliza. Ndani ya miezi michache akanipata mama mmoja wa Dar es Salaam mwenye kiwanda cha viungo. Alitaka mzigo wa kila mwezi. Jambo moja tu lilibaki.

"Sioni mtu aliyewahi kufanya kazi na wewe akikusemea," aliniandikia. "Nipe hata mmoja."

Ningempa nani? Mkulima gani wa Suji angenisemea?

Nikaenda dukani kwa Mama Zuhura, nikampa ile karatasi ya mazishi aiskani na kukata picha tu. Hakuuliza ni nani, nami sikumwambia. Nikakaa kwenye kompyuta yake, nikafungua akaunti kwa jina la Eliamini, mkaguzi wa mazao, Suji. Kisha nikaandika kwa mkono wangu: "Nimefanya kazi na mzee huyu miaka thelathini. Ni mwaminifu. Hajawahi kumdhulumu mtu." Nilipobonyeza kutuma, vidole vilikuwa vya baridi. Nilijiambia ni feni.

Mama wa Dar alifurahi. Wiki iliyofuata ujumbe ukaingia kwenye simu yangu kutoka akaunti ile: "Mteja anakuja Alhamisi. Tukutane ndivani, saa kumi alasiri."

Nilimfuata Mama Zuhura kwa hasira. "Mama, utani huu umepita kiasi."

"Utani gani tena? Wallahi neno lako la siri silijui, mzee! Uliandika mwenyewe ukinikinga na bega kama mwanafunzi anayeficha mtihani."

Nikampigia mama wa Dar. Kabla sijasema kitu alisema, "Nimeshapanga na Bwana Eliamini. Ni mtu mpole sana. Ila ana kikohozi, mwambie aende hospitali."

Nilikaa chini. Kikohozi kile kile ndicho kilichomuua.

Kwa nini nilikwenda? Nimejiuliza mara nyingi. Nilitaka ule mzigo, huo ndio ukweli. Alhamisi nikapanda gari la Makanya, kutoka Makanya nikachukua bodaboda. Ukungu ulitupokea nusu ya mlima. Dereva akanishusha njia panda, nikatembea peke yangu hadi kwenye tuta la ndiva. Hapo ndipo mtandao unakamata, kwingine kote simu ni tochi tu.

Alikuwa ndani ya bwawa, maji yamepungua, anachimba tope. Nilimjua kwa mgongo. Jembe lake nililijua pia, lenye mpini uliofungwa waya, kwa kuwa siku ya kuanua matanga nilimwona mjane wake akimpa mwanawe. Linapanda na kushuka, na sikusikia sauti yake hata kidogo. Ndugu msikilizaji, tope lina sauti. Lile halikuwa na sauti.

"Habari za Same?" aliuliza bila kugeuka.

"Nzuri," nikasema. Mtu anasema nini?

"Nimeulizwa kama yale maneno ni ya kweli. Kwamba hujawahi kumdhulumu mtu." Akakohoa. "Nijibu nini?"

"Eliamini, nisamehe."

"Nilipokuwa hai nilinyamaza kwa sababu ulikuwa rafiki yangu. Nilipokufa nilinyamaza kwa sababu wafu hunyamaza. Sasa wewe mwenyewe umenipa mdomo." Hapo akageuka. Ilikuwa sura ile ya picha ya mazishi, yenye tabasamu lile lile, haibadiliki hata midomo ikisema. "Watu wanakuja. Sema wewe, au nitasema mimi."

Nikasikia sauti nyuma yangu. Mama wa Dar alikuwa anapanda na mwenyekiti wa wakulima na wenzake wawili. Nilipotazama tena bwawani, hakukuwa na mtu. Upande mmoja wa tope ulikuwa umechimbwa, umesafishwa hadi kwenye mawe.

"Bwana Eliamini yuko wapi?" mama yule aliuliza, akihema.

"Eliamini yupi?" mwenyekiti akashtuka.

Nami, baada ya yote niliyoyaona, nilisema nini? Nilisema, "Ameteremka mara moja, atarudi." Hilo ndilo kosa ninaloliona kubwa kuliko yote.

Simu ya mama ikalia. Akausoma ujumbe kwa sauti, bila kujua anachokisoma: "Ni kweli nilifanya naye kazi miaka thelathini. Muulizeni ile tangawizi iliyooza ilitoka ghala la nani."

Mwenyekiti aliniangalia, akaangalia tope lililochimbwa, kisha akavua kofia yake. Nikakaa juu ya tuta nikasema yote: ghala, magunia, lile neno langu, ile karatasi ya mazishi. Mama wa Dar alisikiliza hadi mwisho, akashuka mlima bila kuniaga. Simlaumu.

Biashara ilikufa mwezi ule ule. Ghala nimelifunga, nimerudi Suji kwa kuwa sina pengine. Mjane wa Eliamini amerudishiwa zamu yake ya maji, na pembe ikilia mwanawe anakwenda na lile jembe la waya. Mimi siitwi. Nakaa barazani nawasikia wakipita wakitaniana, na mjukuu wa mtu akinisalimu shikamoo, naitikia marahaba, anapita.

Akaunti ile tumejaribu kuifuta mimi na Mama Zuhura. Neno la siri niliandika mwenyewe, lakini halinikubali. Na kila msaragambo unapokwisha, hata wakichelewa, ujumbe unaingia kwenye simu yangu, hapa barazani pasipokamata mtandao: "Tumemaliza. Maji yamejaa."

Sijawahi kujibu.

Nawe unayekuza biashara yako huko mtandaoni, endelea, ni kazi halali. Tafuta watu, wakusemee. Lakini ukiona umefika mahali pa kujiandikia sifa kwa jina la mtu asiyeweza kukataa, zima simu urudi ukatengeneze ulichoharibu, uliyemdhulumu angali anapumua. Mimi nilikuwa na miaka mitatu ya kufanya hivyo, na kutoka Same hadi Suji si mbali.