Maji ya Kisima cha Shemeji

Walisema sitaweza. Walisema nitauza redio niliyorudi nayo, kisha saa, kisha viatu, na mwisho nitarudi kulima pamba ya baba. Kijana mmoja mwenye gereji pale Somanda aliniuliza mbele ya watu, "Kaka, huko Ulaya ulisomea nini hasa?" Nikamjibu ukweli: nina stashahada ya injini ndogo, na kazi yangu ilikuwa kutengeneza pikipiki za theluji. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye tairi.

"Basi tulia, fundi barafu. Theluji ikianguka Somanda tutakuletea kazi."

Sikukasirika. Mtu asiyejua huwezi kumkasirikia. Hawakujua kwamba chombo kile kinachoteleza juu ya theluji kinachemka kuliko lori la mawe. Hupozwa na theluji inayorushwa na mkanda wake chini ya tumbo. Kikipita mahali palipoganda kama sakafu hakuna kinachoruka, na injini inaungua huku masharubu yako yamejaa barafu. Wenyeji wenyewe walipomwaga jasho bila kupata ubovu, walikuwa wakiniita mimi. Mwafrika pekee katika karakana ile, na ndiye aliyeitwa. Nilikuwa nikivua glovu na kupapasa kwa mkono, kwa sababu injini inayochemka haina siri nyingi: kuna mahali joto limekwama, nawe ulitafute mahali hapo.

Miaka ile soko la pamba lilikuwa limefunguliwa. Wanunuzi binafsi walikuwa wakigombania mizigo ya wakulima, na mwenye gari alikuwa mfalme. Nikataka pikapu. Wa kunikopesha nchi nzima hakuwapo ila ndugu, na ndugu zangu mali yao ina pembe. Mjomba alinipa fahali wake, akinung'unika. Jirani tuliyesali naye kanisa moja akanipa dume na ndama. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Mwanhuzi, alinipa mitamba aliyoachiwa na marehemu mama, yote.

"Dada, ukinipa yote utabaki na nini?"

"Nitabaki na mdogo wangu mwenye gari," alisema. "Wakikucheka, wakucheke uko kwenye usukani. Sasa nenda kabla sijabadili mawazo, maana yule mtamba mweupe nampenda kuliko wewe."

Niliwauza wote, nikanunua pikapu iliyotumika, nikaifungua injini yote kwa mikono yangu na kuifunga tena. Msimu ule nilibeba pamba ya Meatu kuliko gari lolote la ukubwa wake. Nilikuwa nikilala kwa dada, na asubuhi kila nikifungua rejeta nakuta maji yamejaa hadi mdomoni. Nilijisifu kwa madereva wenzangu: gari langu halinywi maji.

Msimu ulipokwisha, niliitwa Mwanhuzi haraka. Dada alikuwa na homa kali na ujauzito mkubwa, na damu imeanza kutoka. Nilifika jua likiwa limeshapanda. Tulimlaza kwenye kiti cha mbele, tukamwekea magunia matupu mgongoni. Shemeji, mumewe, akapanda nyuma na dumu la maji, tukaishika barabara ya Bariadi kwenda hospitali.

Hatukuwa tumefika nusu ya njia mshale wa joto ulipoanza kupanda. Nikapunguza mwendo, ukazidi kupanda. Mvuke ulipotokea nilisimama kando ya shamba la mtama lililokwisha kuvunwa, mahali pasipo hata kivuli cha kuku.

Hapa lazima niseme kwamba sikubabaika. Feni ilikuwa inazunguka. Mkanda ulikuwa umekaza. Pampu ya maji haikuvuja wala kupiga kelele. Nikashika mpira wa juu wa rejeta, nikauachia upesi, umeniunguza. Nikashika wa chini. Ulikuwa vuguvugu tu. Basi nikajua. Joto linaingia rejeta, halipiti. Tulingoja injini ipoe, na kungoja kule ndiko nitakakokumbuka nikizeeka, maana huwezi kufungua mfuniko wa moto na huwezi kumwambia mgonjwa asivuje damu. Nilipofungua, mdomo wa rejeta ulikuwa na ukoko mweupe, mgumu. Nikaukwangua kwa kucha, nikauweka kwenye ulimi. Chumvi.

Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu na dumu lake.

"Haiwezi kuwa kiu, shemeji," alisema. "Kila ukija nalinywesha. Wewe ukiwa unakula, mimi niko nje na ndoo. Sijawahi kuliacha lilale na kiu."

Nilimtazama. Kwao mgeni akija na ng'ombe, ng'ombe hunywa kwanza, na mwenye nyumba ndiye anayechota, hatumi mtu. Yeye aliliona gari langu kama mnyama niliyekuja naye. Msimu mzima alilinywesha maji ya kisima chao, yale ambayo chai yake hata ukiitia sukari ulimi unaona chumvi. Msimu mzima mishipa ya rejeta ilikuwa ikiziba, kwa heshima.

"Niongeze?" aliuliza.

Hatukuwa na maji mengine. "Ongeza, shemeji," nikasema.

Kisha nikafanya kitu ambacho hakuna fundi wa Somanda angekifanya. Nikafungua hita. Gari hilo lilitengenezwa kwa nchi zenye baridi, na hita yake ni rejeta ndogo ya pili. Ukiiwasha, joto la injini linahamia ndani kwa abiria. Huku watu huing'oa wakaitupa. Mimi niliiacha, kwa sababu nilisoma. Tukaondoka polepole, vioo wazi, upepo wa moto ukitupiga usoni, na mshale ukashuka. Ulishuka! Nilipiga usukani kwa furaha.

Dada alikuwa akitetemeka kwa homa. Akasogeza mikono kwenye upepo ule kama mtu anayeota moto.

"Kumbe hivi ndivyo mlivyokuwa mkiishi huko," alisema.

"Ndivyo hivi."

"Pazuri." Akafumba macho. "Mwambie shemeji yako aache kupiga bati huko nyuma. Sijafa."

Tulifika hospitali injini ikinguruma vizuri kabisa. Walimpokea kwa machela, wakakimbia naye. Baadaye daktari alitoka, akavua kofia, akasema mtoto hakuwa hai na mama amepoteza damu nyingi mno. "Mngewahi kidogo tu," alisema, si kwa ubaya. Shemeji alisikia. Dada alifariki kabla ya jua kuzama.

Rejeta niliifungua mwenyewe nyumbani, mlango umefungwa, mishipa yake imejaa weupe kama meno. Nikaizika shimoni nyuma ya choo, nikafunga nyingine.

Nilifanya kazi miaka iliyofuata kama mtu anayefukuzwa. Nikaongeza lori. Waliocheka wakaja kuniomba kazi, na yule wa gereji nikamwajiri. Mjomba nikamrudishia fahali mkubwa kuliko wake, akanung'unika tena. Jirani wa kanisani nikamlipa dume na ng'ombe mwenye ndama. Siku ileile nikapakia mitamba kwenye lori, idadi ileile aliyonipa dada, mmoja mweupe kama wake akiwamo, nikaenda Mwanhuzi. Jioni hiyo hakuna mtu Simiyu nzima aliyekuwa ananidai.

Shemeji alikuwa amekonda, hakuoa tena. Tuliwashusha mmoja mmoja. Alimshika yule mweupe nundu.

"Wewe ni fundi," alisema bila kugeuka. "Hakuna injini inayokushinda, unasema mwenyewe. Siku ile gari lilikuwa na nini?"

Nilitazama stashahada yangu, kwa jinsi mtu anavyoweza kuitazama kichwani.

"Sikujua, shemeji."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Ilinishinda."

Akatikisa kichwa kwa kunihurumia, akafungua zizi.