Vidonge vya Wifi

Kwa miaka kumi na minane Mama Eugénie Mukamazimpaka aliuza jibini ya Masisi katika soko la Virunga, Goma, na miaka yote hiyo meza yake ilipakana na ya Bénédicte, muuza maharagwe. Chai ya asubuhi walinunuliana kwa zamu.

Alipofika miaka hamsini na moja, Eugénie alikuwa amepitisha zaidi ya mwaka bila kuona mwezi. Alimshukuru Mungu, akasahau. Ndipo joto likaja. Lilianzia kifuani, likapanda shingoni mpaka usoni, jasho likamtiririka hata siku ambazo Goma nzima ilivaa masweta. Moyo ulimwenda mbio. Usingizi ukapotea, na vitenge vikaanza kumbana kiunoni.

Aliyetaja karuho, ile sumu ya polepole inayoogopwa Kivu kote, alikuwa Dative, dada ya mume wake.

"Hiyo joto inakukamataga saa ngapi?"

"Sana sana asubuhi, kwenye soko."

"Ukiisha kunywa chai?"

Eugénie akaitikia kwa kichwa.

"Miye sisemi kitu," Dative alisema. "Ila angalia mikono yenye kukupa."

Tangu hapo aliangalia. Alimwona Bénédicte akikoroga kikombe muda mrefu kuliko inavyohitajika, akaona anavyomtazama mpaka anywe. Siku moja Eugénie alikataa chai akisema amefunga, siku nyingine tumbo linamuuma. Mwisho akawa anapokea kikombe, anamngojea mwenzake ageuke, kisha anamwaga chai kwenye mawe meusi nyuma ya meza.

"Eugénie, nilikukosea nini?" Bénédicte alimuuliza.

"Hapana kitu."

Wiki iliyofuata Eugénie akahamisha meza yake hadi upande wa pili wa soko.

Dative alimletea vidonge vidogo vyeupe vilivyofungwa katika karatasi ya daftari. Vitamini, alisema, za kusafisha damu. Eugénie hakuuliza zaidi, maana vilitoka kwa mtu wa nyumbani. Siku za mwanzo alipata nguvu na hamu ya kula. Baada ya miezi mitatu uso ulikuwa umeviringana kama sahani, tumbo limejaa, pete ya ndoa haitoki kidoleni. Wateja walimsifu: "Mama, unanona! Muzee anakutunza." Alicheka nao, lakini kila sifa ilimtia hofu. Chai ameacha, mbona anazidi kuvimba? Aliamua kwamba sumu ilikuwa imeshaota mizizi.

Siku alipopata kizunguzungu kanisani, mume wake, Zéphirin, mtu wa maneno machache, alimpeleka kwa daktari katika mtaa wa Katoyi. Daktari Magloire alikuwa mdogo kuliko kifungua mimba wao. Alipomuuliza habari za mwezi, Eugénie alikunja uso.

"Docteur, sikuja kutafuta uzazi wa mpango."

Daktari akampima presha: dix-sept sur dix, kumi na saba kwa kumi, imepanda sana. "Unameza dawa gani, mama?"

"Hakuna. Vitamini tu."

"Nitaomba nizione."

Eugénie alihisi daktari anataka kumnyang'anya vitamini ili amuuzie zake. Zéphirin ndiye aliyekwenda kumuuliza dada yake jina la muuzaji, akamfuata muuzaji huyo barabarani, akarudi na boksi la vidonge. Daktari alilisoma, akalisukuma mezani.

"Hii ni dexamethasone. Wasichana wanaimeza kusudi wanone. Inapandisha presha, inavimbisha uso na tumbo. Usiache mara moja, ni hatari. Tutapunguza polepole."

"Na joto?"

"Joto haitoki kwa sumu. Ni ménopause, kukoma kwa mwezi. Homoni ya kike imepungua mwilini. Na kwa miaka hii hata bila vidonge mwili unapenda kuweka mafuta tumboni."

Dative alipoulizwa alilia, akaapa alitaka kumsaidia tu. Labda ni kweli. Mpaka leo Eugénie hajakata shauri moyoni mwake kama amwamini.

Presha iliposhuka, daktari alimwambia habari ya dawa ya homoni. Kwanza alimuuliza kama aliwahi kuugua titi, kama damu iliwahi kumganda mguuni. Kisha akamwandikia jeli ya kupaka mkononi na kidonge cha jioni cha kulinda kizazi. Eugénie alimtaka aandike majina kwa herufi kubwa, akaenda kuyauliza kwenye famasi mbili tofauti kabla ya kununua.

"Itanitoa kilo?" alirudi kumuuliza.

"Hapana, mama. Itatuliza joto, utalala. Kilo zitatoka kwa miguu yako na kwa sahani yako."

Jibu hilo ndilo lililomfanya amwamini kidogo, kwa kuwa halikuwa jibu la mtu anayetaka kuuza. Akaacha pikipiki, akawa anakwenda sokoni kwa miguu. Akapunguza fufu, ule ugali wa muhogo, akaongeza mboga ya sombe na maharagwe. Wiki ya sita alilala usiku mzima. Katika miezi saba kilo tisa zilitoka, nyingine zimekataa.

Maharagwe hayo alikuwa akiyanunua kwingine. Asubuhi moja alijikaza, akasimama mbele ya Bénédicte.

"Nilidhani ni chai yako yenye ilikuwa inaniua."

Bénédicte aliendelea kujaza kipimo. "Nilijua. Nilikuwa naona mawe yamelowa." Akakisawazisha kwa kiganja. "Rudisha meza kama unataka. Chai, kila mutu anunue yake."

Meza ikarudi. Walikaa hivyo majuma mengi, wakisalimiana kama wageni. Kisha siku ya baridi, bila kumtazama, Bénédicte akasema: "Hiyo joto yako... inaanzaga kwenye kifua?"

Eugénie aligeuka. Mwenzake alikuwa amefungua vifungo viwili vya sweta, shingo inang'aa kwa jasho.

"Kwenye kifua," alijibu. "Daktari anapokea siku ya nne."

Siku hiyo ya nne, yaani Alhamisi, walishika njia ya Katoyi pamoja, kwa miguu. Bénédicte alitangulia hatua mbili mbele, na mlangoni akasimama kumngojea.