Mafundo ya Banda la Mitambuu

Enzi zetu, reli ikiwa ndiyo kwanza inaanza safari za bara, hapakuwa na harusi mtaani kwetu Kuze bila majani ya tambuu ya kutafuna. Na hapakuwa na tambuu kama za mama yangu. Nitajisifu, kwani mwenye kuzipanda hayupo tena kujisifu mwenyewe.

Mtambuu haupendi jua kali, kwa hiyo mama aliijengea mitambuu yake banda la makuti uani. Kila kuti alilifunga kwa kamba ya makumbi, fundo la kuvuta: ukivuta ncha mara moja, linafunguka. Sisi watoto tulipotoka chuo cha Kurani, vidole vimejaa wino, hatukuruhusiwa kucheza kabla ya kulifunga na kulifungua fundo hilo huku tumefumba macho. Aliyekosea alikosa mkate wa mofa.

Ami yetu, ndugu wa marehemu baba, alikuwa na banda lake nyumba ya pili, limepigiliwa misumari kila pembe.

“Shemeji, banda lenu lapepea kama leso,” alimtania mama.

“Msumari ukishika hauwati, hauachii,” mama akamjibu. “Na upepo nao hauwati.”

Ikafika wiki ya harusi ya dada yangu. Mama alikuwa amewaahidi wakwe kwamba hakuna jani litakalonunuliwa sokoni, na ahadi hiyo ilikuwa heshima yake yote. Alasiri moja mbingu zikafunga, kusi ikavuma ikibomoa vibanda njia nzima. Mama akasimama mlangoni akatuita tuje.

“Ndooni! Kila mtu na mti wake!”

Tukavuta ncha. Makuti yakatuangukia mikononi, tukaizungushia mitambuu na kuifunga kwa kamba zile zile. Nguzo zikabaki uchi, upepo ukapita usipate cha kushika. Kwa ami, paa zima liling’oka na mitambuu iliyokuwa imelitambalia.

Siku ya harusi wakwe walitafuna mpaka midomo ikawa myekundu, wakaomba nyongeza. Mama akampelekea ami sinia yake ya tambuu, imefungwa kwa kamba. Ami akavuta ncha, fundo likafunguka.

“Shemeji,” akasema, “hili fundo nifundisheni.”

Leo wajukuu zangu wameijengea mitambuu yangu banda la mabati na misumari. “Nyanya, hili halitikisiki,” wananiambia. Nashukuru, ni watoto wema, ingawa nikiwapa kamba wanafunga fundo la kukatwa kwa kisu. Upepo ule ukirudi, nitasimama mlangoni niite, “Ndooni!” Watakuja wote mbio, maana wana adabu. Lakini wakishafika, watavuta nini?