Ndila Hakufiwa

Mwalimu Ndung'u alimharibia Ndila jina, na kwa kazi hiyo akapigiwa makofi. Hilo lisemwe kwanza, kwa sababu wengine huanza kisa hiki na kompyuta, na ukishaanza na kompyuta, hakuna anayemkumbuka mwanamke.

Ndila, mama yake Nzomo, alikuwa na kibanda cha chakula nje ya lango la chuo kimoja cha ufundi mjini Thika. Githeri yake, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ilikuwa githeri tu. Kilichowaleta watu ni mdomo wake. Hakumpakulia mtu kabla ya kumuuliza habari za kwao: mama amepona, ng'ombe amezaa, yule kaka aliyeko Murera amepata kazi? Ndipo mwiko uingie sufuriani. Foleni ilifika barabarani, na wanafunzi wa uhandisi wakawa wanachelewa kurudi darasani hadi saa nane na nusu. Mkuu wa chuo akaapa kwamba mambo yakiendelea hivyo hadi muhula ujao, kibanda kitang'olewa.

Mwaka huo wa tisini na saba chuo kilikuwa kimeletewa kompyuta, na Mwalimu Ndung'u alitaka kuwafundisha vijana wake jinsi ya kujaribu kazi ndani ya mashine kabla ya kuigusa kwa mikono. Aliomba ruhusa viwandani, akafukuzwa na mabawabu. Kibanda cha Ndila hakikuwa na bawabu. Vijana wakamsimamia na saa zao, wakipima nani amefika na nani ameondoka, wakayaingiza yote katika programu. Kisha wakamwita aje ajione.

Chumba cha kompyuta kiliingiwa bila viatu, kama msikiti. "Ila msikitini watu huosha miguu kwanza," mwanafunzi mmoja, Salehe, akamnong'oneza.

Ndila aliinamia kioo cha kompyuta. Palikuwa na kisanduku cha kijani, na vidoa vyeupe vikijipanga mbele yake, kimoja baada ya kingine vikitoweka.

"Hicho cha kijani ni wewe, mama," Mwalimu akasema.

"Nimekonda. Na hawa wanaotoweka wameenda wapi?"

"Wameshiba."

"Bila hata kuaga?"

"Hapo ndipo nilipotaka tufike."

Akamweleza kwamba salamu zake zilikula muda mwingi kuliko kupakua. Akabonyeza, akaziondoa salamu, na vidoa vikatawanyika kama siafu waliomwagiwa majivu. Vijana wakashangilia. Ndila akafikiria muhula ujao, akakubali kujaribu wiki moja.

Jumatatu alipakua kimya. Sahani, mwiko, anayefuata. Mzee Mbaluka, bawabu wa chuo, ambaye hakuwahi kupakuliwa bila kuulizwa hali ya goti lake, alisimama na sahani akilingoja swali. Halikuja. Akaenda kukaa langoni, akatafuna, akawaza, akafikia uamuzi ambao mtu yeyote mwenye akili angeufikia: Ndila amefiwa.

Kufikia jioni habari ilikuwa imefika mtaa wa Makongeni. Jumanne wateja walikuja wachache, wakinong'ona, wala hakuna aliyeomba pilipili, maana nani atamtuma mfiwa pilipili? Jumatano asubuhi wanawake wa kanisa wakaingia na sukari, maziwa na wimbo. Mfiwa hapiki. Kwa hiyo wakamnyang'anya mwiko, wakazima moto, wakamketisha.

"Sijafiwa," Ndila akasema.

"Tunajua, Mama Nzomo," mkubwa wao akajibu, akimpapasa mgongo. "Mwanzoni huwa hivyo."

Akawaeleza kwamba ni kompyuta iliyomkataza kusalimu watu. Wakatazamana. Mmoja akatoka mbio kumwita mchungaji.

Saa saba Mwalimu Ndung'u akafika na darasa lake lote pamoja na mkuu wa chuo. Wakaitazama barabara. Hapakuwa na foleni. Hapakuwa na hata mtu mmoja aliyeshika sahani.

"Kama mlivyoona kwenye kioo," Mwalimu akasema, na makofi yakapigwa. Salehe alijaribu kusema kwamba hata moto haukuwepo. Akaambiwa moto si sehemu ya somo.

Kibanda hakikung'olewa. Wiki ilipokwisha Ndila akarudisha salamu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Watu wakauliza ni nani aliyekufa. Akasema hakuna. Wakaikumbuka sukari. Kumbe mwanamke amekula matanga ya mtu asiyekufa! Akaibeba sukari ile nyumba hadi nyumba kuirudisha, wakamfungia milango, maana nani ataiweka jikoni sukari ya matanga? Hata wale aliowalisha kwa miaka wakahamia ng'ambo ya reli kwa Nyawira, ambaye chapati zake zinaweza kuwa soli ya kiatu.

Mwalimu Ndung'u alipandishwa cheo. Bado anafundisha kwa mfano wa kibanda hicho: kila mwaka darasa jipya linavua viatu, linanyamazisha kisanduku cha kijani, linaimaliza foleni.

Ndila haidai mashine. Anamdai mwalimu neno moja: aje Jumapili watu wakitoka kanisani, asimame mbele ya wale wanawake, aseme kwa mdomo wake kwamba Ndila hakuwadanganya, na kwamba ni yeye Ndung'u aliyemwambia anyamaze. Amemtuma Mzee Mbaluka kwake, amemtuma Salehe, amemwendea mwenyewe ofisini. Mwalimu huitikia kwa adabu kwamba atakuja. Hajaja.