Kona Ndani ya Eda

Mtaa mzima wa Tandika ulijua kwamba Rukaiya ni kiguu na njia. Asubuhi utamkuta sokoni Temeke, mchana yuko Mtoni kwa shangazi yake, alasiri ukimfuata kwake unaambiwa ametoka sasa hivi, mbona hamkupishana? Alikuwa akitembeza vitenge na mashuka ya Dubai nyumba kwa nyumba, miaka ile bidhaa za nje zilipoanza kumwagika mjini, lakini waliomjua walisema biashara kisingizio tu. Hata angepewa duka lenye feni, angelifunga akazurure.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyefiwa na mume, akaambiwa akae ndani miezi minne na siku kumi.

Mumewe, Kondo, alikuwa dereva wa lori la kwenda Tunduma. Mwaka ule wa mvua za El Niño, akiwa njiani kurudi, lori lilimshinda kwenye kona za Kitonga, likatumbukia korongoni. Utingo wake alitoka na mkono uliovunjika. Alikuja matangani na bandeji yake, akasimulia mbele ya wanaume ukumbini: "Bosi siku ile alikuwa na haraka. Nikamwambia punguza, wala hakunisikia. Sijui alikuwa anawahi nini."

Wakaitikia kwamba ndivyo alivyoandikiwa. Rukaiya alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, na kila neno lilimfikia. Yeye alijua Kondo alikuwa anawahi nini.

Nyumbani kwao hakukuwa na simu. Kondo kila alipofika Makambako alipiga ofisini alikokuwa akifanya usafi dada yake mkubwa, Tunu, na salamu zote za mke na mume zilipitia kwa Tunu. Safari ile ya mwisho Rukaiya alikuwa amemkumbuka mume wake, na yeye hakuwa mtu wa kuficha jambo. Alimwambia Tunu huku akicheka: "Wifi, akipiga mwambie afanye haraka. Mwambie kitanda kina baridi." Tunu hakucheka. Tunu hakuwa mcheshi, na mizaha ya wifi yake alikuwa akiipokea kama mtu anayepewa chombo kichafu aoshe.

Basi hilo ndilo lililokuwa likimtafuna Rukaiya. Hakulia. Wanawake waliokuja kukaa naye walimsubiri alie, wakachoka, wakaanza kunong'onezana. Yeye alikuwa akisimama, akikaa, akikunja mkeka, akiukunjua, akienda dirishani, akirudi. Nguo zake nyeupe za eda zilichakaa magotini kwa kuhangaika humo humo chumbani. Kichwani alikuwa na swali moja tu: je, angekuja taratibu, kona ile ingempitisha? Maana kama ingempitisha, basi aliyemuua ni yeye, kwa ule mdomo wake.

Mvua ndiyo iliyomletea mashine. Suleiman, mdogo wake, alikuwa na kibanda cha gemu karibu na stendi, na vijana walikuwa wakipanga foleni hapo kucheza mpira na mbio za magari. Maji yalipoingia kibandani, akabeba televisheni na mashine yake, akaviweka chumbani kwa dada yake.

"Kelele za magari katika nyumba ya msiba?" Rukaiya alimkaripia.

"Sauti nimezima, dada. Cheza kidogo, utapoteza mawazo. Na kutoka hujatoka, uko ndani ya eda yako."

Akampa kile kidude cha kushika mkononi, wenyewe wanakiita pedi. Katika gemu lile gari halikati kona kwa adabu. Ukiikaribia unaachia mafuta, unakata usukani ghafla, mkia unaserereka, gari linakwenda ubavu huku matairi yanatoa moshi, halafu unalinyoosha na kukanyaga tena. Suleiman alikuwa akimwelekeza: "Usiogope, dada, liachie. Breki usishike. Liache liserereke lenyewe."

Alifurahi kuona dada yake amepata cha kufanya. Maskini, hakujua anachokitazama.

Kila siku baada ya adhuhuri, wageni wakienda kujinyoosha na Suleiman akienda kuyatoa maji yaliyoingia kibandani, Rukaiya alifungua mashine. Wateja wa Suleiman walicheza ili wawe wa kwanza. Yeye hakuwahi kumaliza hata mzunguko mmoja. Alichagua barabara ya milimani, akafika kwenye kona moja kali iliyokuwa na korongo upande wa kushoto, akaiingia kwa mwendo wote. Gari likatumbukia. Akaanza upya. Likatumbukia. Akaanza upya. Mara nyingine lilipita, likiserereka hadi ukingoni kabisa, na hapo ndipo alipoumia zaidi, kwa kuwa alijiuliza mbona lori la Kondo halikupita. Likitumbukia alijilaumu, likipita alijilaumu. Vidole gumba vilimuuma, naye hakuacha.

Siku hiyo Tunu alikuja na bakuli la uji kabla ya wakati wake. Alikuta pazia limeachwa wazi, na mjane wa mdogo wake amekaa mbele ya televisheni, meno ameyauma, mwili mzima umelala upande mmoja pamoja na gari.

"Eda gani hii ya kuendesha magari?" alisema. "Ndugu yangu hajakauka kaburini, wewe unacheza gemu?"

"Sichezi."

"Na hilo nini?"

Rukaiya alitaka kunyamaza, akashindwa. "Namtafutia ndugu yako njia!" alipayuka. "Hapo ndipo alipoanguka, wifi, kona kama hiyo. Nataka nijue angepita au asingepita. Mie ndiye niliyemharakisha. Si ulimwambia afanye haraka? Si ulimwambia kitanda kina baridi? Utingo umemsikia mwenyewe. Alikuwa ananiwahi mie. Mie ndiye niliyemuua, na nyie wote mnanipikia uji!"

Gari kwenye kioo lilitumbukia lenyewe, halina dereva. Tunu aliweka bakuli chini. Alikaa mkekani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya chumbani humo tangu arobaini, akawa anajifunga na kujifungua ncha ya kanga yake.

"Sikumwambia," alisema.

"Hukumwambia nini?"

"Hayo ya kitanda. Alipiga, akauliza nyumbani wazima, nikasema wazima. Nikataka kusema, mdomo ukawa mzito. Mie dada yake, wifi. Nimembeba mgongoni yule. Nitayatamkaje kwake maneno ya chumbani, tena kwenye simu ya ofisi, karani kanikodolea macho?"

"Hata haraka hukumwambia?"

"Hata haraka. Nikasema wazima, basi, akakata. Haraka yake ile siijui ilitoka wapi. Niliona aibu kukwambia kwamba sikuzifikisha salamu zako. Sikujua umejibebesha mwenyewe."

Rukaiya alisubiri afadhali ije, na kweli ilikuja. Aliusikia mzigo ukimtoka mabegani, akavuta pumzi ndefu ambayo hakuivuta tangu msiba uingie. Lakini pumzi ile ilipoisha, alijikuta peke yake kuliko alivyokuwa mwanzo. Wiki zote zile za kujilaumu alikuwa na kitu kimoja: mume aliyekuwa akikimbilia kwake. Sasa na hicho kilikuwa kimeondoka. Kondo alikuwa na haraka ya mambo yake mwenyewe, ya mzigo, ya tajiri mwenye lori, ya nani ajuaye, na aliipita Makambako na Iringa yote bila kujua kwamba kuna mtu Tandika anamtamani.

Tunu alimshika mkono. "Basi tulia, mdogo wangu. Hukumuua. Hukuhusika kabisa."

Hapo ndipo Rukaiya alipolia. Alilia kwa sauti, mpaka wanawake waliolala uani wakaamka, na pedi ikamponyoka mkononi.

"Ungemwambia, wifi," alisema. "Hata kama ndiyo yangemuua, ungemwambia."